Mashine Iliyosahau Diski Yake

Mume wangu alikuwa fundi wa kompyuta tangu tukiwa Kindu, Kongo, na tulipofika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, katikati ya miaka ya tisini, ufundi huo ndio uliotuwekea unga ndani. Kambini hatukuwa na umeme, kwa hiyo kazi ilikuwa Lilongwe. Kila Jumatatu alidandia matola, yaani pikapu za kubeba watu, akaenda mtaa wa Area 18 kwa mjane mmoja Mmalawi aliyekuwa akiwapigia watu chapa kwa kompyuta kuukuu.

Mwanzoni sikuwa na neno. Kompyuta ikiwashwa iliandika kwenye kioo kwamba kontrola, ile kadi inayoongoza diski, ni mbovu. Mume wangu akaichomoa kadi akaja nayo nyumbani. Alikaa mkekani akisugua meno ya shaba ya ile kadi kwa raba ya shule ya watoto, polepole, akiipuliza kama mtu anayemtoa mtoto vumbi jichoni. Nilimtazama nikasikia moyo unaniwaka. Miaka yote ya ndoa, mkono ule haukuwahi kunigusa kwa subira namna hiyo.

Akairudisha kadi, akabadilisha waya pia. Ugonjwa ukarudi. Akaanza kuondoka mapema na kurudi jioni ameshiba, sahani yangu anaisogeza pembeni. Dalili ya mvua ni mawingu. Nilijikaza kisabuni majuma machache, kisha nikashindwa.

"Baba batoto, ni mugonjwa gani huyu haponake? Leo tunaenda bote."

Mjane alitupokea vizuri, na hilo likaniudhi zaidi. Alikuwa mnene wa kupendeza, kucha safi, anacheka mpaka magego yanaonekana. Mimi nilinuka usipa, dagaa niliokuwa nauza kambini. Mume wangu akawasha mashine, maneno yakawa yale yale. Akabonyeza vitufe, ukurasa wa mipangilio ukafunguka, akaandika namba ya aina ya diski, akawasha upya. Diski ikavuma. Chai niliyomiminiwa ilikuwa haijapoa bado.

"Zikomo, achimwene," mjane akamwambia. Asante, kaka. Kaka! Nikameza chai ikaniunguza.

Njiani nikamuuliza, "Njo hiyo tu?"

"Kontrola haina kitu. Betri njo ilikufa. Bakizima courant ya umeme, mashini inasahau iko na disque gani, inasema kontrola imeharibika."

"Na betri inapatikanaka?"

Akatazama barabara. "Soko ya Mchesi iko."

"Sasa we unangojea nini?"

Akapungia mkono matola iliyokuwa inapita.

Mimi sikungoja. Nilipoenda Mchesi kuchukua usipa nikanunua na betri, nikaifunga kwenye pindo la kitenge kama dhahabu. Jumatatu iliyofuata nikaenda naye tena, nikasimama nyuma ya kiti chake mpaka akailehemu. Nikamwambia azime. Azime tena. Mashine ikawaka na kukumbuka kila kitu. Mjane akapiga makofi, na mimi nikapiga kwa nguvu kumshinda.

Nilirudi kambini nikiimba. Nikachinja kuku tuliyekuwa tunamtunza kwa siku ya Idi, nikasonga nsima, ugali wa Malawi, nikamwandalia mume wangu maji ya kunawa. Jirani yangu Mrundi akanitania kwamba leo niko bibi harusi. Nikamjibu ndiyo, niko. Nililala nikijiona nimeiponya nyumba yangu kwa betri moja.

Jumatatu nyingine nilimkuta mume wangu anatia makaa kwenye pasi.

"Mashini ya ule mama imepona," nikamwambia. "We unaenda kufanya nini?"

Alinyoosha kola kwanza, upande huu na upande ule. Akavaa shati likiwa bado na joto. Nilikuwa nimesimama mlangoni.

"Naenda kumusalimia," akasema.

Nikasogea, akapita.