Birika la Bibi

Binti yangu akisema "birika linavuja" hapa Mombasa, huwa anataka nimnunulie jingine la kuchemshia chai. Mimi roho huniuma. Kwetu, kisiwani Ngumi, pwani ya Somalia, lilikuwapo birika lililovuja tangu sijazaliwa, na humo ndimo bibi yangu alimouzia kahawa.

Usinicheke, rafiki yangu. Lilikuwa birika la mawe la kuwekea maji ya mvua, pana kama chumba, lililopasuka chini likawa haliweki hata tone. Bibi akasema penye kuta na kivuli hapatupwi. Akatandika mikeka, akaliacha jiko juu mlangoni ili moshi usiwaue wateja, nao wakawa wanateremka ngazi za mawe kunywa kahawa chungu yenye tangawizi, kwa kaimati za moto. Kazi yangu ilikuwa kutwanga buni. Hadi leo nikisikia mchi unagonga kinu, nainusa kahawa ile hata kama haipo.

Ila kilichowaleta watu si kahawa. Humo ndani kila neno lilirudi. Ukinong'ona, kuta zinanong'ona, ukifoka, unafokewa. "Debe tupu haliachi kuvuma," jirani yetu mmoja alipenda kumtania bibi, naye humjibu kwa Kibajuni chake, "Ndiyo raha yake. Humu mchu hujisikia mwenyewe." Basi waliogombana walipelekwa kwake. Aliwamiminia kikombe kimoja, wapokezane mpaka kiishe, na hakuna aliyethubutu kupaza sauti, maana matusi yake yangemrudia mwenyewe mbele ya watu. Kwetu hukuuliza kama fulani na fulani wamepatana. Uliuliza, "Wameteremka?"

Baba na ami, mdogo wake, waliteremka mwaka ule vita vilipofika Kismayo. Baba alitaka sote tuvuke Kenya. Ami alikataa katakata, na ikawa hawaamkiani. Bibi akawamiminia, mimi nimekaa ngazini na kinu changu.

"Twende sote," baba alisema.

"Kaka, mama hataki kuondoka. Nimwachie nani?"

Kikombe kilikuwa kimefika nusu tulipoitwa kutoka juu, chombo kinaondoka, watu washaanza kupanda. Baba akakiweka mkekani. "Tutakimaliza tukirudi," alisema, na kuta zikamwitikia, tukirudi. Nilimwona ami akikifunika kwa kisahani.

Hatukurudi. Bibi alifariki, na habari zikatufikia matanga yameshaondolewa. Hapa Mombasa baba hakumaliza tena kikombe cha kahawa maishani mwake. Mama akimgombeza kwa israfu, alijibu, "Hiyo si yangu." Simu zilipokuja, yeye na ami waliulizana afya na watoto, lakini jambo lenyewe hakuna aliyeligusa. Lilikuwa jambo la kuteremkia, si la simu. Nami nalilaumu hilo mpaka leo, maana heshima nyingine hula miaka ya watu.

Mwaka jana, baada ya kumzika baba, nilikwenda Ngumi mwenyewe. Nilitaka ami anisikie nikisema kwamba kaka yake alimwachia nusu yake siku zote. Nikaambiwa ami naye ametangulia, nami nikiwa njiani.

Mke wa jirani yetu akanipeleka birikani. Sikuona ngazi wala mikeka. Ami, kabla ya kufa, aliziba nyufa kwa chokaa, na mvua zikalijaza mpaka juu. "Alisema, wa kuteremka hawaji tena," mama yule akaniambia, "bora wachu wanywe maji." Akanichotea kikombe. Maji yalikuwa matamu, nami nililia kama mtoto.

Kisha nikainama juu ya maji nikasema, "Ami, tumerudi."

Nilingoja. Birika likijaa halijibu.