Kiwiko cha Shangazi

Mtu wa kwanza niliyemtengeneza kwenye kompyuta alikuwa na mkono uliosokotwa kama karatasi ya pipi. Alikuwa mwanamke wa makamo, lesso kiunoni, na uso nilioupata kwa kuchanganya nyuso nyingi hadi ukawa si wa mtu yeyote. Kazi yake ilikuwa moja tu: kuchota omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye beseni na kutandaza juu ya kichanja. Mradi mmoja wenye ofisi Migori mjini ulitaka filamu ya dakika mbili ya kuwaonyesha wanawake wa ufuoni faida ya kuanika juu ya vichanja vya wavu badala ya mchangani. Mimi, niliyekuwa nimemaliza chuo kikuu na kurudi nyumbani karibu na Asumbi na kompyuta moja na maswali mengi, nilisema naweza.

Bwana wa mradi aliangalia jaribio langu la kwanza, kisha akainamisha kichwa kando.

"Huyu mama ni mgonjwa?"

"Hapana. Ni mkono tu."

"Basi mkono ndio mgonjwa. Nenda ukawaonyeshe wanawake wenyewe. Wakikubali, tumekubali. Wakicheka, tafuta kazi nyingine."

Ndani ya mtu wa kompyuta kuna mifupa, na kila kiungo kina mipaka: kiwiko kikunjwe hadi hapa, bega lizunguke hadi pale. Mipaka hiyo huja na programu. Nani aliyeiweka? Alimpima nani? Hakuna maandishi yoyote yaliyonijibu. Lakini kosa la kwanza lilikuwa langu. Nilipotaka kiganja kigeuke, nilikigeuza kwenye kifundo cha mkono, kwa sababu maisha yangu yote nilidhani hapo ndipo kinapogeukia. Ngozi ya mwanamke wangu ikajinyonga, kifundo kikawa chembamba kama kamba.

Ukitaka kujua nilichokosea, bana kiwiko chako ubavuni, kisha geuza kiganja juu, chini, juu. Sasa shika kigasha, kati ya kiwiko na kifundo, kwa mkono wa pili na urudie. Utahisi kitu kinatembea chini ya vidole vyako. Si kifundo kinachogeuka, ni kigasha kizima, kuanzia kiwikoni. Nilikaa kitandani nikigeuza mkono wangu kama mtu anayechoma nyama, nikashangaa kwamba nilikuwa nimeutumia kwa miaka zaidi ya ishirini bila kuuliza unafanyaje kazi.

Nilisoma kwamba ndani ya kigasha mna mifupa miwili inayopishana kiganja kikigeuka, lakini kusoma tu hakukunitosha. Nilienda kwa muuza nyama pale Rodi Kopany nikamwomba mguu wa mbele wa mbuzi, nione jinsi mifupa miwili inavyopishana. Aliushika kwenye goti, akajaribu kuzungusha kwato. Haikuzunguka hata kidogo.

"Mbona haigeuki?" nikamuuliza.

"Igeuke ya nini? Mbuzi anapokea nini? Yeye anakanyaga tu." Akaupasua ngozi kwa kisu, akanionyesha: mifupa miwili imeshikana, imekuwa kama mmoja. "Wewe ulisoma chuo kikuu ndio uje kuuliza mbuzi maswali?"

Nikaamua kumtafuta mtu anayefanya kazi yenyewe. Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, ameolewa ufuoni, mbele ya Magunga, na wenzake humwita Nyar Asumbi, yaani binti wa Asumbi. Kazi yake ni hiyo hiyo ya omena. Mashua zikifika asubuhi, kila mwanamke hupewa mabeseni yake, na anayetandaza haraka kabla ya mvua ndiye anayepewa tena kesho. Waliozeeka na wagonjwa hukaa pembeni wakifukuza ndege aina ya yangeyange kwa fimbo, na jioni huondoka na mgao mdogo.

Nilimrekodi shangazi kwa simu kutoka pande tatu. Alikuwa na haraka ya kutisha. Mkono unazama kwenye beseni, unatoka, halafu kiwiko kinapanda hadi usawa wa bega na omena wanamwagika juu ya wavu, mstari mmoja mwembamba, hakuna aliyemlalia mwenzake. Wenzake walimtania bila kusimamisha kazi.

"Angalieni mnandi anakausha bawa!" mmoja alipiga kelele, kwa maana ndege yule mweusi wa ziwani husimama juu ya jiwe mabawa wazi.

"Maringo ya Asumbi hayo," akaongeza mwingine. "Hata kuanika ni lazima aanike kama bibi harusi."

Shangazi alicheka nao.

Siku hiyo, nikiwa nimekaa jikoni kwake, nilihamisha mwendo wake kwenye kompyuta, picha baada ya picha. Programu ilikataa. Kila nilipofikisha kiwiko pale alipokifikisha yeye, kilirudi chini. Nikafungua mipaka ya bega. Halafu nikaona jambo lililonifanya nirudishe video mara tano: kigasha hakikugeuka. Kwa siku nzima ya kazi, kiganja cha shangazi hakikuwahi kugeuka bila bega kukisaidia. Kidole gumba kilikaa juu, kama cha mtu anayetaka kukusalimia.

"Waya," nikamwita, kama tunavyomwita shangazi kwetu, "bana kiwiko ubavuni, ugeuze kiganja kiangalie chini."

Alikuwa anapuliza moto. Alibana kiwiko. Kiganja hakikwenda popote. Alinitazama, kisha akaufunga mlango wa jikoni.

"Nani amekwambia?"

"Hakuna. Nimeona kwenye video."

Alivunjika kigasha kabla ya kuolewa, alipoanguka kutoka kwenye baiskeli ya baba yangu. Mzee mmoja aliunyoosha mkono na kuufunga kwa vijiti. Mfupa uliunga vizuri, ila uliungana na wa pili. Hapo nilimkumbuka mbuzi wa Rodi. Alipoletwa ufuoni, mkono ulikuwa tayari uko hivyo. Alijifundisha kutandaza kwa bega.

"Kusalimia naweza. Kushika jembe naweza. Hakuna aliyejua."

"Lakini wanakucheka. Si ungewaambia tu ni mfupa?"

"Nyathina," mwanangu, "wacha wacheke maringo. Mwenye maringo anapewa beseni. Mwenye mkono mbovu anapewa fimbo ya ndege, na anaambiwa pole. Mimi sijazeeka. Sitaki pole."

Kisha akaniuliza kama nitamtia kwenye hiyo filamu yangu. Nilimweleza kwamba ni mwendo tu. Uso si wake, mwili si wake, hata kimo nimeongeza.

"Una hakika hawatajua?"

"Nani atamtambua mtu kwa kiwiko?"

Mimi hutilia shaka mahubiri, matokeo ya kura na hata maelezo nyuma ya pakiti ya dawa. Lakini hilo la kiwiko sikulitilia shaka hata dakika moja.

Kesho yake, baada ya kutandaza, wanawake wapatao kumi walikusanyika ndani ya kibanda cha mizani, mahali penye kivuli cha kuona skrini. Shangazi alisimama nyuma. Nilibonyeza. Mwanamke wangu aliinama, akachota, akainua kiwiko.

Hakumaliza hata kutandaza mara moja.

"Wuololo! Nyar Asumbi!"

"Si ndiye huyo! Mnandi wetu ameingia kwenye kompyuta!"

"Ona mkono! Wamempa uso wa mtu mwingine lakini mkono wamemwachia!"

Walipiga makofi, walisukumana. Niligeuka. Shangazi alikuwa anatabasamu, lakini mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia ndani ya lesso. Kisha mwanamke kijana, aliyekuja ufuoni mwaka huo, akasogea karibu na skrini na kuuliza kwa nia njema kabisa, kama ambavyo ningeuliza mimi: "Kwani kwa nini mkono wake haugeuki?"

Wote waliniangalia mimi. Mimi ndiye niliyekuwa na jibu, na mifupa yenyewe ilikuwa ndani ya kompyuta yangu, ningeweza kuionyesha kwa kubonyeza mara moja.

"Ni mimi nimekosea," nikasema. "Sijajua kutengeneza mikono."

"Ndiyo, amekosea," mwenyekiti wao akadakia upesi. Alikuwa mama mkubwa kuliko wote pale, na hakuwa amecheka. "Toa huo mkono, msomi. Weka mwingine. Na ninyi, omena wanangoja kugeuzwa."

Nilikuwa nafunga kompyuta mwenyekiti aliporudi, akajifanya anatafuta kamba.

"Huo mkono hukukosea," alisema bila kuniangalia.

"Mama, unajua?"

"Nimeanika karibu naye tangu alipoletwa. Umefikiri sina macho? Wakubwa wote tunajua. Anamaliza mabeseni yake. Tukimuuliza, atajibu. Akijibu, lazima tumwonee huruma. Sasa nani atamaliza mabeseni yake?" Akaipata kamba. "Wewe unapenda sana kuuliza. Hata kutouliza ni kazi."

Sikumwambia shangazi siku ile. Nilijiuliza, na bado najiuliza, nani alikuwa anamficha nani kwa miaka yote hiyo. Nilisimamisha simu juu ya ndoo uani kwake, nikamwaga mahindi kwenye beseni, nikajirekodi mwenyewe nikichota na kutandaza. Kigasha changu kiligeuka vizuri, mifupa ikipishana kama inavyotakiwa. Programu haikukataa chochote. Bwana wa Migori alisema sasa huyu ni mtu mzima mwenye afya, na wanawake walikubali filamu bila kelele.

Miezi kadhaa baadaye nilimweleza shangazi alichoniambia mwenyekiti. Alikuwa ametoka kwenye mabeseni, mikono inang'aa magamba. Akasema, "Basi yule mama ni mjanja," akanawa, na kesho yake akaenda kazini saa ile ile. Nilipomuuliza kama naweza kuyaandika haya, alisema niandike, ila nisiweke jina la mtu.

Siku ile nilipomweleza, aliomba pia kuiona filamu iliyokamilika, kwa sababu alikuwa amekataa kuitazama na wenzake. Aliitazama dakika zote mbili akiwa amesimama, beseni tupu kiunoni, mkono wangu ukitandaza kwenye skrini polepole na kwa usahihi.

"Mkono wa nani huu?"

"Wangu."

Aliguna.

"Mvua itamkuta huyu," akasema.