Mshenga wa Tumbaku

Watu wa barabara ya Kailo walimwita Mshenga, na Séraphin hakulikataa jina hilo, maana kazi yake kweli ilikuwa ya kuunganisha wachumba. Kwa kibano kidogo alifungua tumba la ua la tumbaku kabla halijachanua, akang'oa vijiti vya kiume vilivyomo ndani, akapaka unga alioutoa kwenye ua la mche mwingine, kisha akalivika ua mfuko wa karatasi ili nyuki asije na uchumba wake. Mche uliopokea unga aliuita mama, na ule uliotoa aliuita baba. Wakichaguliwa vizuri, mtoto wao huwashinda wote wawili kwa wingi na uzito wa majani. Wakichaguliwa vibaya, hurithi ugonjwa wa mmoja na uvivu wa mwingine.

"Kupaka unga hata mlevi anaweza," alikuwa akisema. "Shida iko kwa kuchagua."

Alikuja Kindu kwa treni akitokea upande wa Tunda, kijana aliyemaliza shule ya kilimo, suruali yake imepigwa pasi hadi mstari unakata. Kampuni ya tumbaku ilimweka katika shamba la majaribio nje ya mji, chini ya mtaalamu mgeni. Baadaye kampuni ilibadili wenyewe, nchi ikabadili jina, mtaalamu akarudi kwao. Lori liliharibika likaachwa liote majani. Mbolea ilipungua, kisha haikuja tena. Lilibaki shamba, likabaki banda la kukaushia majani, akabaki na yeye. Katika karatasi za serikali aliitwa Sitwayeni Ngongo, yaani Raia Ngongo, kwa kuwa majina ya ubatizo yalikatazwa. Nyumbani mkewe Marceline aliendelea kumwita Séraphin, na majirani walimwita Baba Mado, kwa jina la binti yake wa kwanza aliyeolewa Lubutu.

Sasa alikuwa mzee. Mgongo ulimuuma akiinama, na ulimuuma zaidi akinyooka. Macho yalichoka mapema. Lakini wakulima wa barabara ile walikuwa wakimlilia kila msimu: mbegu yao ilikuwa imezeeka, majani yanajikunja, na mzigo uliojaza banda zamani sasa haujazi hata nusu yake. Na meneja wa mjini alikuwa amemwambia bila kuficha kwamba msimu huu usipotoa mbegu mpya, shamba litapandwa mihogo. Tena paa la ghala lilikuwa limevuja na mbegu zote za akiba zimeoza, kwa hiyo wazazi aliokuwa nao ni wale tu waliosimama shambani, hai, wakianza kuchanua. Hakukuwa na wengine.

Kati ya wazazi hao alikuwapo mmoja aliyempenda kama mwana. Ukoo wake wote wa miche aliupa jina moja, Bwana Harusi. Majani yake yalikuwa mapana kama sinia, na shina lake lilisimama wima hata upepo wa mvua ulipolaza migomba. Kwa misimu mingi Séraphin alikuwa akimtakasa, akitupa kila mche wenye dosari, akibakiza ule uliofanana na ndoto yake. Kila ndoa aliyoifunga, Bwana Harusi ndiye aliyekuwa baba. Mama ndio waliobadilika: mwaka huu mmoja wa Kailo, mwaka ule mmoja wa Pangi. Pembeni alikuwa na mistari michache ya tumbaku ya kwao Tunda, yenye majani membamba yasiyo na mvuto. Hiyo aliihifadhi kwa sababu ya kukumbuka nyumbani tu.

Ikafika Jumamosi ya salongo, siku ambayo kila raia hufanya kazi ya umma bila malipo. Séraphin hakuwapo shambani. Wafanyakazi wote wa kampuni walikuwa wameitwa mjini kujifunza nyimbo na mchezo wa kumpokea mgeni mkubwa kutoka mji mkuu. Alipiga makofi na kuzungusha kiuno pamoja na vijana mpaka jua likawa kali, kisha akarudi kwa miguu.

Alipofika alisimama. Shamba lilikuwa safi kuliko alivyowahi kuliona. Hakukuwa na jani moja la magugu. Na hakukuwa na ua hata moja.

Akina mama walikuwa wamepumzika kivulini mwa banda, vidole vyao vyeusi kwa utomvu. Aliyewaongoza ni Adolphine, mama mwenye shamba kubwa la tumbaku kuliko yeyote katika barabara ile.

"Baba Mado, karibu kwako!" aliita kwa sauti ya ushindi. "Angalia! Masudi, mukubwa wa mutaa, alitutuma tusafishe, tukakuta shamba yako yote inachanua kama ya muntu asiye na bibi. Tukasema, masikini, mugongo ya muzee imekufa. Njo maana tukakukatia vilele."

"Vyote?"

"Hata kimoja hatukuacha! Na zile karatasi ulivalisha maua, iko kwa kikapu pale, tumezikunja vizuri. Hawa wenzangu walitaka kufungia karanga, mimi nikakatala. Kitu ya muntu ni ya muntu."

Hapakuwa na ubaya ndani yake. Kila mkulima wa tumbaku anajua kwamba ua hula jani. Mche ukiachwa uchanue, nguvu zake hupanda juu kulisha mbegu. Ukikatwa kilele, nguvu hushuka na jani linanenepa. Mama humfundisha binti yake hivyo, na anayeacha shamba zima lichanue huchekwa kisimani. Wanawake wale walimfanyia Séraphin jambo ambalo wangemfanyia ndugu aliye kitandani.

"Aksanti," alisema, akaketi palepale kwenye udongo.

Adolphine akasogea. "Mbona unakaa chini?"

"Mama Adolphine, yale maua njo kazi yenyewe. Mbegu yenu ingetoka mule."

Kisha mmoja wa wale akina mama, mwembamba, mwenye mdomo usiojua kufungwa, akasema, "Kumbe tumemukata bibi arusi kichwa siku ya ndoa!" Wawili wakacheka, wakajiziba midomo.

"Nyamazeni!" Adolphine aliwakemea, ingawa midomo yake mwenyewe ilikuwa ikitetemeka kati ya kicheko na kilio. "Baba Mado, tutukane basi. Tutukane kidogo, tutasikia vizuri."

"Nitawatukana aje? Mulikuwa munanihurumia." Alijifuta uso. "Ninaomba kitu moja. Machipukizi yakitoka kwapani mwa majani, musiyaguse. Mutaona aibu, lakini musiyaguse. Pengine yatachanua."

Yakatoka. Mche wa tumbaku uliokatwa kichwa haukubali kufa. Hutoa vichwa vingine ubavuni, na mkulima mwema huving'oa kila vinapotokea. Séraphin aliviacha. Baada ya mvua chache shamba lilijaa matawi yaliyokwenda huku na huku, na wapita njia wakaanza kutikisa vichwa.

Ndipo Masudi, mkuu wa mtaa, alipokuja. Alikuwa amevaa abakosti, lile koti la watu wa serikali, iliyofungwa vifungo hadi shingoni, jasho likimtiririka masikioni.

"Sitwayeni Ngongo, hii ni nini? Mugeni atapita na magari hapa, na shamba ya kituo iko na nywele kama ya kichaa! Ng'oa yote."

"Bwana mukubwa, nikiyang'oa, hakuna tena mbegu."

"Na usipoyang'oa, hakuna tena Masudi. Unataka waniulize mbele ya watu kama hapa kuna muntu anafanya kazi?"

"Ungoje tu yakomae."

"Mugeni hangoji tumbaku, mukubwa wangu."

Walitazamana. Walikuwa wamefahamiana tangu wote wawili wana nywele nyeusi, na hakuna aliyekuwa na hamu ya kugombana. Masudi alifungua kifungo kimoja, akapumua.

"Sikia. Nyuma ya banda, pale barabara haioni. Safu moja. Hamisha unayotaka, uyapande kule. Huko mugeni hataangalia, labda akibanwa na mukojo. Lakini huku mbele nataka udongo mutupu."

Safu moja! Haikutosha hata nusu ya wazazi aliokuwa nao. Akiigawanya kwa wengi, kila mmoja atapata miche michache, na mche mkubwa ukihamishwa hufa kwa urahisi. Pengine asingebaki yeyote. Ilimpasa achague ndoa moja, baba mmoja na mama mmoja, na wengine wote waende motoni.

Moyoni alikuwa ameshachagua. Alikwenda moja kwa moja kwa Bwana Harusi, akashika jani la katikati ili ajue afya yake kabla ya kumhamisha. Jani lilikuwa pana, la kupendeza, na jepesi kama karatasi. Akashika la mche wa pili, na la mche wa tatu. Yote mepesi. Nguvu zilizopaswa kushuka baada ya kilele kukatwa zilikuwa zimekimbilia kwenye machipukizi yanayoruka kama mbuzi wachanga.

Kisha, bila kujua sababu, akaenda pembeni kwenye mistari ya Tunda. Yale majani membamba yalikuwa yameinama. Alilishika moja, likamjaa mkononi, nene, lenye utomvu unaonata, zito kama kitambaa kilicholowa.

Hapo akaelewa, na uelewa huo haukumpa furaha yoyote. Tangu mbolea na vibarua vipungue, hakuwahi tena kutenga mche wa wazazi ili aukate kilele. Yote aliiacha ichanue, kwa kuwa alitaka mbegu. Akawahukumu wazazi wakiwa wamesimama na maua yao, kwa upana wa jani na uzuri wa shina. Lakini mkulima huuza majani ya mche uliokatwa kilele, na huuza kwa uzito. Miaka yote hiyo alikuwa amechagua mkwe kwa kutazama koti.

Aliwaita akina mama waje na mabeseni. Walikuja wote, maana deni la aibu huwatembeza watu upesi. Walichimba miche ya Tunda pamoja na udongo wake, wakaipunguzia majani, wakaibeba vichwani hadi nyuma ya banda. Kwa upande wa pili wa ndoa alichagua na kuhamisha mche wa Kailo, mfupi, mwenye jani la wastani lakini asiyejua kuugua. Wa Tunda alikuwa mzito ila hujikunja majani upesi. Wa Kailo alikuwa mkavu kidogo ila mzima. Kosa la mmoja halikuwa kosa la mwingine, na walitoka mbali, hawakuwa ndugu. Zaidi ya hapo hakuwa na uhakika wowote.

Bwana Harusi alimng'oa kwa mikono yake mwenyewe, mche baada ya mche, na kuurundika kwenye njia.

Adolphine alipita na beseni, akasimama. "Huyu wa majani kama sinia unamutupa?"

"Ninamutupa."

"Si alikuwa mutoto wako kabisa?"

"Njo maana sikumuona."

Mgeni alipita siku aliyotaka. Magari yalikwenda mbio, vioo vimefungwa, vumbi likashuka juu ya udongo mtupu uliofagiliwa kwa ajili yake, na juu ya Masudi aliyesimama na kibendera chake.

Nyuma ya banda miche mingi ilinyauka, na baadhi ilikufa. Iliyobaki iliinua vichwa polepole, kisha machipukizi yakatoa matumba ya rangi ya waridi. Séraphin aliketi juu ya kigoda mbele ya kila mmoja, akisogeza ua karibu na pua ili aone. Mara nyingine kibano kilikosa, akararua tumba zima, akalitupa. Marceline alimletea chakula huko, akakikuta kimepoa alipofuata sahani. Maua yalianguka, vifuko vidogo vya mbegu vikavimba, vikawa vya kahawia. Mbegu ya tumbaku ni ndogo kama vumbi la ugoro. Kilichoingia katika kiganja kimoja kingetosha barabara nzima. Meneja alikuja, akatia kidole ndani ya kopo la mbegu, akasema mihogo ingoje msimu mmoja tuone.

Adolphine ndiye aliyekuwa wa kwanza kuja kuchukua mbegu kwa ajili ya kitalu chake. Aliileta pua karibu, akapumua kwa uangalifu isije ikapeperuka.

"Itazaa kweli, Baba Mado?"

"Sijui. Utaniambia ukikausha."

"Ikizaa, nitaacha miche miwili mitatu ichanue pembeni, nitunze mbegu yangu mwenyewe. Sitakusumbua tena."

"Hapana, mama. Ya hawa haitunzwi. Hawa watafanana na wazazi wote wawili, lakini watoto wao watatawanyika, kila mumoja na sura yake, mwengine muzito, mwengine hovyo. Ukitaka hii tena, lazima nirudi kwa wazazi walewale, niwaozeshe upya."

Adolphine alimtazama, akiwa amefunika kopo kwa kiganja. "Mwaka ujao tena?"

"Na mwaka utakaofuata."

"Kwa ule mugongo?"

"Sina mugongo mwengine."

"Utachoka, Baba Mado."

"Nilishachoka zamani," Séraphin alisema, akavuta kigoda chake mbele ya mche wa mwisho wa Tunda, ambao ulikuwa bado na tumba moja ambalo halijafunguka, akaanza kutafuta kibano mfukoni.