Pumzi Kwenye Kipimajoto

Siku yangu ya kwanza kazini nilifundishwa kutopumua. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika kituo cha hali ya hewa katikati ya Nairobi. Mpimaji mkuu, mzee mkali wa kutoka kwetu magharibi, alinisimamisha mbele ya sanduku jeupe la mbao lenye nafasi za kupitisha upepo. Ndani mlikuwa na kipimajoto cha usiku, ambacho kijiti chake kidogo hubaki pale baridi ilipofika mwisho.

"Bana pumzi kabla hujafungua," aliniambia. "Ukipumulia kioo, utaandika joto lako wewe, si la Nairobi."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Baadaye usiku wa mji ukaanza kukataa kupoa. Mkuu wa kituo, Mzungu mpole wa sura tu, alisema ni lami na kuta za mawe zinazokaa na joto la mchana. Basi tukahamisha sanduku hadi mashambani karibu na Kangemi, ambako baridi iliuma vidole mpaka kalamu ikaniponyoka.

Kisha joto likatufuata. Alfajiri baada ya alfajiri nilikuta kijiti kimesimama juu kidogo kuliko kilivyozoea, na hapakuwa na ukuta wala barabara karibu. Nilianza kugeuka nyuma, maana nilihisi kuna mtu aliyenitangulia kukipumulia.

Yule Mzungu, mkuu wa kituo, alidhani anamjua mtu huyo.

"Wewe nasimama karibu sana," aliniambia. "Kesho mimi nakuja. Kama ni pumzi yako, wewe narudi kwenu."

Enzi hizo za ukoloni mtu wa kwetu akikosa kazi, Nairobi hakai, na mke wangu alikuwa mjamzito katika chumba chetu cha Kangemi. Niliogopa, sioni haya kusema.

Alikuja kukiwa na ukungu. Aliniacha mbali, kwenye ua wa miti, akabana pumzi, akafungua sanduku. Alikitazama kipimajoto mpaka uso ukamwiva, kisha akafunga mlango polepole.

"Si wewe," alisema.

"Ni nani, Bwana?"

"Pengine ni mji nakuja. Pengine ni mwaka mbaya tu." Alitazama upande wa mjini, ambako moshi wa magari moshi ulikuwa umelala juu ya mapaa. "Lakini iko wataalamu Ulaya nasema hewa ya makaa na mafuta nafunika dunia kama blanketi. Jua naingia, joto hapana toka. Pengine sisi wote napumua hapa."

Hakulitaja tena, nami nilidumu kazini mpaka nikastaafu.

Sasa naishi Mountain View, mtaa ulio jirani na Kangemi, na sanduku langu dogo liko uani. Majirani hunicheka wakiniona nimevimbisha mashavu mbele yake asubuhi. Nabana pumzi kama nilivyofundishwa, na kijiti nakikuta juu vilevile. Zamani niliomba kosa lisiwe langu. Siku hizi natamani lingekuwa langu peke yangu, nikasogea nyuma hatua moja, na usiku ukapoa.