Siku avenue yetu ilinyamaza kwa ajili ya Yaya Noella

Nikiandika jina lake, simu bado inaniuliza kama nataka kumtumia ujumbe. Yaya Noella amefariki. Nimeiandika sentensi hiyo, nimeisoma, na bado haijaingia.

Habari ilinikuta sokoni Nyawera, nikinunua nyanya. Nilisikiliza simu, nikalipa, nikachukua mfuko, nikarudi mtaani kwetu, Kasha. Hakuna nyanya hata moja iliyopondeka. Sijui kwa nini nawaambia hili.

Ilikuwa homa. Tulisema ni malaria, kama ya kila mtu. Jumapili alikuwa ananicheka, Alhamisi vijana walikuwa wanapanga viti uani kwao.

Kwa wasiomjua: yaya kwetu ni dada mkubwa, lakini hakuwa dada yangu wa damu. Ni jirani. Alimaliza chuo kikuu hapa Bukavu, akawa anaandika rapport za mradi, projet moja ya maji. Mimi niko mwaka wa mwisho wa sekondari. Aliniita Mudogo, yaani mdogo wake, na Kiingereza changu chote kizuri kimetoka kwake.

Alikuwa ameomba nafasi katika vyuo vya Amerika, master ya public policy. Watu walimuuliza: "Ni masomo ya kuwa ministre?"

"Hapana. Ni ya kujua nani anaamua bomba ipite kwenu, kwetu isipite."

Sote wa Kasha tumekua na bidon ya njano ya kuteka maji mkononi. Yeye ndiye aliyeketi akaiandikia essay.

Alipopata distinction tulimmwagia poda kichwani, kama tunavyomfanyia kila aliyefaulu, na mama zetu wakacheza barabarani. Asilimia sabini na kidogo! Kisha akasoma website za Wamarekani, akaona kwamba kwao sabini ni mwanafunzi wa kawaida tu.

"Mudogo, poda yangu yote imeanguka."

Kesho yake alikuwa anawaandikia maelezo, kwa upole, jinsi maprofesa wetu wanavyobana pointi.

Lakini mtihani wa Kiingereza ndio avenue nzima inaoukumbuka. Unaufanyia nyumbani, mbele ya laptop, na mtu wa mbali anakuangalia kwa kamera. Chumbani usiwe na mtu mwingine. Akiingia mtu, wanafuta.

Mama yake, Maman Noella, alielezwa yote hayo. Alikubali. Halafu katikati ya mtihani akaingia na kikombe cha chai.

Mimi nilikuwa uani, nikasikia kila kitu. Aliinama mbele ya kamera akasalimia: "Bonjour, papa. Muko salama? Chai iko, lakini weye uko mbali."

Wakafuta.

"Maman! Wamefuta!"

"Juu ya chai? Ni watu gani hao? Mutoto anafanya kazi tangu asubui, ata chai asikunywe?"

Nilingoja Yaya akasirike. Alikaa chini sakafuni akacheka mpaka machozi. Kisha akanywa ile chai, yote.

Mara ya pili alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba kuomba kimya. Maman Furaha, jirani wa upande wa chini, aliacha kutwanga sombe, majani yake ya muhogo. Chorale ya kanisa ilihamisha répétition, mazoezi yao ya kuimba. Fundi wa mbao alisema ataenda mpaka Miti, nje ya mji, kutafuta mbao, na kweli akaenda. Kuku walifungiwa kwetu.

Maman Noella aliweka kiti kidogo mlangoni pa chumba, akakaa, mtwangio wa sombe mapajani.

"Asiingie mutu. Ata mimi."

Padri akapita kusalimia. "Mon père, leo hapana," alimwambia kwa sauti ya chini, na padri akarudi alikotoka akitembea kwa ncha za viatu. Sijawahi kusikia Kasha imenyamaza hivyo mchana. Nilisikia vidole vya Yaya vikiandika.

Alifaulu. Alituma kila kitu kabla ya deadline. Tangu hapo alikuwa anangoja.

"Wakisema ndiyo, naenda. Wakisema hapana, naomba tena," aliniambia. "Tu wasinyamaze."

Bado hawajajibu.

Jana tulimzika. Tuliporudi nyumba ilijaa, lakini Maman Noella hakwenda kukaa na wamama wengine kwenye mikeka. Alichukua kile kiti kidogo, akakiweka palepale, mlangoni pa chumba cha Yaya. Mashangazi walitaka kuingia kupanga nguo.

"Asiingie mutu."

Wakamwacha.

Nilichuchumaa karibu yake. Ilibidi niseme kitu. Nikamuuliza: "Maman, niwaandikie watu wa Amerika? Niwaambie kama Yaya hayuko tena?"

Alikisogeza kiti karibu zaidi na mlango.

"Hapana. Wacha wajibu kwanza. Kazi yao aliifanya. Nataka kusikia."

Kisha akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. "Na weye ukifika siku yako, test utaifanyia humu. Chai utakunywa mbele ya kuanza."

Sikulia. Niliitikia, "Ndiyo, Maman." Bado sijalia. Wanasema itakuja.

Tutaendelea kumwita Maman Noella. Hana jina jingine kwetu.

Yaya, laptop yako iko mezani pako, na Maman ameniambia niwe naangalia kila nikitoka shuleni. Jibu likifika nitalisoma kwa sauti hapo mlangoni, kwa Kiingereza kama ulivyonifundisha, halafu kwa Kiswahili ili Maman asikie. Liwe ndiyo, liwe hapana. Na mwaka ukifika nitaomba na mimi. Bomba bado haijapita kwetu.

Leo tena avenue imenyamaza. Hakuna anayetwanga. Maman yuko kwenye kiti chake.

Lala, Yaya. Hakuna atakayeingia.