Jiwe la Kufulia

Kila nikipaka nta sakafu ya hoteli hapa Doha, harufu yake hunirudisha kwa nyanya. Alisugua sakafu za mzungu aliyejenga kwetu nyumba ya mawe, mfano wa jumba la mababu zake Uingereza lililobomoka zamani. Mzungu alipohama, majirani waliibomoa nyumba, kila mtu akabeba mawe yake.

Siku moja binti wa mzungu yule akaja kuitafuta.

“Mawe yalienda wapi?”

“Hatujui, memsabu,” nyanya akajibu.

Mimi, bado mtoto, nilikuwa nimeona peremende mkononi mwa mgeni. Nikalipindua jiwe letu la kufulia. Chini yake alikuwa amechongwa simba, nembo ya ukoo wao.

Nyanya akapiga magoti, akaanza kumsugua simba yule kwa leso yake.

“Samahani, memsabu.”

Nami nilikuwa nimeshapewa peremende na kuanza kuimumunya.