Mwalimu wa Video ya Fahali

Navalayo alipofika kwenye uwanja wa kupiganisha fahali Jumamosi ile, nje kidogo ya Khayega, nyasi zilikuwa bado na umande na ngoma za isukuti zilikuwa zimekwisha kuwapandisha watu mori. Yeye hakwenda kushangilia. Alikwenda na simu yake, kutafuta somo la kidato cha tatu.

Alikuwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya kutwa, si mbali na mtaa wa Shieywe alikopanga nyumba. Kwa muda mrefu alikuwa na ugomvi na picha za vitabuni. Kitabu kikitaka kueleza vitu viwili vinavyogongana, huonyesha mipira ya biliadi au watu wanaoteleza juu ya barafu. Akitafuta mtandaoni alikuta yaleyale: barafu, magari ya kuchezea, watu wenye makoti meupe kwenye maabara zinazong'aa. Wanafunzi walinakili, wakakariri, wakaanguka mtihani. Hapo ndipo alipoanza kupiga video zake mwenyewe. Alirekodi trekta la miwa likikataa kusimama kwenye mteremko kule Kabras. Alirekodi mama anayevuta ndoo kisimani kwa kapi, na seremala anayegongelea misumari. Jioni alizikata kwa simu, akachora mishale myekundu, akapunguza kasi mahali penye maana, kisha akazituma kwenye kundi la wasapu la walimu wenzake. Nyingine alizitia kwenye memori kadi akawapa wanafunzi ambao kwao hakuna bando.

Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, lakini yeye alisimulia kwa Kiswahili, papo hapo anaporekodi, kwa sauti ya utaratibu isiyopanda wala kushuka. Walimu waliipenda sauti hiyo. Ndiyo iliyomponza.

Fahali walioingizwa uwanjani walikuwa wawili, mmoja wa rangi ya kahawia, mwingine mweusi tii aliyeitwa Mashini. Mwenye Mashini alikuwa Ingosi, mkulima wa hapo karibu, mwenye kifua kama pipa. Fahali waligongana vichwa kwa mlio ambao Navalayo aliusikia ndani ya meno yake. Walisukumana, wakachimbua udongo kwa kwato, povu likawaruka. Kisha yule wa kahawia akapata upenyo, akamchoma Mashini shingoni. Damu ilimtiririka Mashini mpaka gotini. Akageuka kukimbia.

Fahali akishindwa hukimbia, na watu wa pale wanajua kumpisha. Lakini siku hiyo watu walikuwa wengi mno, na mtu alikuwa ameegesha lori kwenye njia ya kutokea. Waliokuwa mbele walitawanyika. Aliyebaki ni mwanamume mmoja aliyekuwa amegeukia kando akizungumza na mwenzake, mgongo wake ukiwa karibu na ubao wa lori.

Navalayo alikuwa akimfuata fahali kwa kamera. Alisema, kwa sauti yake ileile: "Tazameni. Kitu kizito kikishashika kasi hakisimami kwa kuombwa. Ili kisimame, lazima kitu kingine kiipokee nguvu yake."

Pembe ilimwingia yule mwanamume chini ya mbavu. Ilimwinua juu, ikambamiza kwenye ubao wa lori hadi ubao ukapasuka. Mashini akarudi nyuma akiwa naye bado kwenye pembe, akatikisa kichwa kama anayejaribu kujivua kitambaa, akambamiza tena. Mtu akaanguka, kwato zikapita juu yake.

Simu ilikuwa bado imeinuliwa. Navalayo hakuwa na moyo wa jiwe. Mkono wake ulikuwa umesahau kushuka, basi. Ulipokumbuka, aliitia simu mfukoni akakimbia, akapiga magoti kwenye matope yaliyochanganyika na samadi, akabana shimo la pembe kwa sweta lake. Sweta lililowa mara moja. Yule mtu alimtazama usoni.

"Mwalimu," alisema. "Mwalimu, usiniache."

Kwanza Navalayo hakumtambua. Kisha akamjua. Alikuwa Mukabana, fundi wa baiskeli, baba yake Maurine wa kidato cha tatu. Siku ya wazazi ndiye aliyeketi mstari wa mbele na kuuliza maswali kuliko wote. Alimshika mkono. Mukabana aliubana kwa nguvu ambayo mtu asingeitarajia, halafu nguvu ile ikaisha.

Nyuma yao watu walikuwa wamemzingira Mashini kwa mashoka na mapanga. Walimkata miguu ya nyuma kwanza. Alipoanguka walimkatakata akiwa bado anakoroma. Kisha mtu akapaza sauti: "Huyu Ingosi amemlisha bangi!" Wala hakuna aliyeuliza umejuaje. Ingosi alipigwa kwa fimbo alizokuwa akitumia kumwongoza fahali wake. Walimvunja mkono, wakampasua paji la uso, na mmoja akamkanyaga jicho kwa kiatu cha mpira. Polisi walipofika alikuwa amejikunja chini ya lori akiwa hai, lakini jicho lile halikuona tena.

Chifu alimwambia Navalayo asiifute ile video, polisi wataitaka. Kwa hiyo Jumatatu aliihamisha kwenye kompyuta ya chumba cha walimu ili isipotee, akaenda darasani. Hakufikiria kwamba kuna mtu angeifungua. Clifford, mwalimu wa kompyuta, aliifungua. Aliitazama mpaka mwisho, akaikata, akabakiza pale Navalayo anaposema "tazameni" hadi pale Mukabana anapoanguka, akawatumia watu kutoka simu yake.

Kabla ya jua kuzama ilikuwa imefika kila mahali. Mtu aliitia muziki. Mwingine aliitia vicheko. Mwingine aliandika juu yake: Mwalimu anafundisha, mtu anakufa. Navalayo aliisikia kwanza kwenye duka la mboga, sauti yake mwenyewe ikitoka kwenye simu ya muuzaji, tulivu kabisa, na muuzaji akiwa hajui kwamba mwenye sauti amesimama mbele yake na fungu la sukuma wiki mkononi.

Nyumbani kwa Mukabana matanga yalikuwa yamewekwa. Maurine alikuwa jikoni na wanawake aliposikia kishindo na mayowe kutoka simu fulani nyuma ya nyumba. Alitoka. Binamu yake, Mike, alikuwa akiwaonyesha wenzake. Mike hakucheka, na baadaye aliapa hivyo, lakini Maurine hakuwa na masikio ya kupima. Alirudi jikoni, akachukua mchi wa kutwangia, akampiga nao mdomoni. Mike alianguka akitema meno. Maurine aliipiga simu mpaka ikawa vipande, kisha akaanza kumpiga Mike tena, na wanawake wanne walihitajika kumshika.

Mwalimu mkuu alipopata habari alimwita Navalayo ofisini. "Usiende kule," alimwambia. "Wacha maiti azikwe, watu watulie. Halafu tutatuma salamu za shule."

"Mwalimu, ile ni sauti yangu," Navalayo alisema. "Nisipokwenda, maneno yale ndiyo yatakuwa yangu ya mwisho kwao."

Alipanda bodaboda alasiri hiyo.

Watu walimjua alipofungua tu kinywa. "Mulembe," alisalimu, na ua wote ukamgeukia. Mtu aliyeinuka kwenye kiti cha plastiki alikuwa Lihanda, mdogo wake Mukabana, mkata miwa aliyefika asubuhi hiyo kutoka Kabras na panga lake la kazi.

"Ni wewe mwalimu?" aliuliza.

"Ni mimi. Nimekuja kuomba—"

"Usiombe. Sema vile ulisema. Sema hapa, tusikie. Kitu kizito kikishika kasi." Lihanda alimsogelea. "Nyinyi walimu mnatuonanga kama vitu vya kufundishia. Ndugu yangu alikuwa chaki?"

"Sikumwona, ndugu yangu. Nilikuwa namfuata fahali. Nilipomwona—"

Kofi lilimwangusha. Alipojaribu kuinuka aliona panga limekwenda juu, akainua mkono wa kushoto. Panga lilipita kwenye vidole viwili vya mwisho kama lilivyozoea kupita kwenye miwa, likamkuta begani. Hakuhisi maumivu yoyote mwanzoni. Alihisi baridi tu. Aliviona vidole vyake kwenye maganda ya mahindi na akafikiri, kwa uwazi wa ajabu, kwamba kuku watavichukua.

Lihanda aliinua panga tena. Aliyemzuia ni Mama Maurine. Mjane huyo, ambaye tangu Jumamosi hakuwa amesimama bila kushikwa, alimrukia shemeji yake, akamng'ata kifundo cha mkono mpaka panga likaanguka.

"Ukimuua," alipiga kelele, na damu ya Lihanda ikiwa mdomoni mwake, "ukimuua huyu, nani ataniambia mume wangu alikufa vipi? Ni yeye peke yake alimshika! Nyinyi wote mlikuwa mnakimbia!"

Ni kweli, wanaume wengi wa boma lile walikuwa uwanjani Jumamosi. Waliinamisha macho. Mmoja wao akavua shati, wakamfunga Navalayo mkono, wakampakia kwenye bodaboda katikati ya watu wawili.

Hospitalini walimshona bega, wakafunga vile vishina vya vidole. Clifford alikuja na matunda kwenye mfuko wa karatasi. Alisimama miguuni pa kitanda akitazama bandeji.

"Madam, pole sana. Niliwatumia watu watatu tu," alisema. "Watu ninaowaamini."

Navalayo alikuwa na kikombe cha bati mkononi, chenye chai. Alimtupia. Kilimpasua juu ya jicho, chai na damu vikamshuka kwenye shati jeupe. Muuguzi alikuja mbio. Clifford aliinama akaokota kikombe, akakiweka mezani, akaondoka. Navalayo hakujuta wakati ule, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia hajui kama amejuta.

Mama Maurine alifika baada ya mazishi. Aliketi kwenye ukingo wa kitanda, kitambaa cheusi kichwani.

"Nieleze," alisema.

Navalayo alimweleza bila kuficha, hata shimo, hata sweta.

"Alisema kitu?"

"Aliniita mwalimu. Aliniambia nisimwache."

"Na hukumwacha?"

"Sikumwacha, mayi, mama yangu. Nilimshika mkono mpaka ukalegea."

Mjane alilia, mkono wake ukiwa juu ya bandeji bila yeye kujua. Kisha akajifuta. "Basi ifute ile kitu. Mtoto hawezi enda sokoni. Hata kanisani watu wanaionanga."

"Yangu nitaifuta polisi wakishamaliza nayo," Navalayo alisema. "Zilizoko kwa watu siwezi. Hakuna anayeweza."

Mama Maurine alimtazama kama mtu aliyeambiwa habari ya kifo cha pili. "Kwa hiyo atakuwa akiuawa kila siku," alisema.



Mambo yaliishia hivi. Lihanda alifungwa, ingawa Navalayo alisimama mahakamani na kumwombea. Hakimu alisema huruma ya aliyejeruhiwa ameisikia, lakini vidole havirudi. Ingosi aliuza ng'ombe waliobaki na hakufuga fahali tena. Clifford alihamishwa shule. Maurine alipelekwa kwa shangazi yake huko Lugari, na mama yake anasema anasoma vizuri lakini hataki simu imkaribie.

Mwalimu mkuu alimtaka Navalayo aachane na video kabisa. Aliachana nazo kwa muhula mmoja. Kisha akaona wanafunzi wanakariri barafu tena, akarudi. Ilibidi ajifunze upya kushika simu kwa mkono wenye vidole vitatu. Sasa hasemi kitu anaporekodi. Huomba ruhusa kwa kila anayeonekana, hupiga picha kimya, hurudi nyumbani kukata kwanza, na sauti huitia mwisho, baada ya kujua kila kilichomo. Kazi ya jioni moja imekuwa ya wiki nzima. Haweki kitu kwenye kompyuta ya shule.

Mwaka uliofuata alihamia darasani msichana mmoja kutoka Shianda, Khadija, mpole, mwenye hijabu iliyopigwa pasi vizuri. Siku ya tatu aliinua mkono katikati ya somo.

"Mwalimu, ni wewe ulikuwa kwa ile video ya ng'ombe?"

Darasa zima likaacha kuandika.

"Ni mimi."

"Na yule mtu alikufa kweli? Wengine husema ni ya kutengenezwa."

"Alikufa. Aliitwa Mukabana. Alikuwa akitengeneza baiskeli, na binti yake alikuwa akiketi pale, karibu na dirisha." Navalayo aliweka chaki chini. "Nani mwingine ameiona?"

Mikono iliinuka polepole, mmoja mmoja, mpaka karibu yote ikawa juu. Akaketi kwenye ukingo wa meza. Somo la siku hiyo halikufundishwa. Aliwasimulia yote, ubao wa lori, jicho la Ingosi, meno ya Mike, mchi, panga, mpaka kengele ilipolia.

Asubuhi yake Khadija alimngoja kwenye mlango wa chumba cha walimu. Alisema ameifuta ile video kwenye simu ya baba yake. Kwenye ya shangazi yake amekatazwa kuigusa.